Miguu Juu ya Kichwa cha Mkwe

Kama ulikuwa mgeni pale Misheni, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Singida Mjini, na ukataka kujua nani kagombana na nani, nani kaposa na nani kakataliwa, hukuhitaji kuzunguka. Ulikwenda uani kwa Klara, Mama Febronia, Jumapili saa tatu misa ikiisha. Ulipewa kigoda na kikombe cha chai ya tangawizi, na habari zikakukuta umekaa.

Ua wenyewe haukuwa na ajabu. Nyumba ilikuwa tembe kama matembe mengine, kuta nene za udongo na paa bapa ambalo wanawake walipanda kuanikia mtama. Uzio ulikuwa wa minyaa. Palikuwa na mawe matatu ya jiko na birika jeusi lenye tumbo kubwa. Lakini ua ule ulitazama mlango mkubwa wa kanisa la mawe moja kwa moja, bila mti wala jani la kuziba.

Kanisa lile lilijengwa na mapadri wa kwanza enzi za Mjerumani, na wazee waliobeba mawe yake walikuwa bado hai, wakionyesha makovu mabegani kwa yeyote aliyetaka kuona na kwa wengi wasiotaka. Mnara wake wa kengele ulionekana tangu barabara ya Issuna. Na chini ya mnara ndipo ulipokuwa ule mlango. Klara alikaa pembeni mwa jiko, mkono kwenye birika, macho mlangoni. Aliona nani katoka na nani, nani kamkwepa nani, nani kavaa khanga mpya ilhali mumewe hajarudi kutoka Tabora. Kabla mtu hajafika uani, Klara alishajua pa kumkalisha na cha kumwuliza. Ua ukijaa hadi wengine wakakalia vinu vilivyopinduliwa, alijisikia amenenepa.

Basi mwaka ule malkia mpya wa Waingereza alipovishwa taji, na watoto wa shule wakapewa andazi moja moja na bendera ya karatasi, lori kutoka stesheni ya Itigi lilisimama katikati ya ua wa Klara na kanisa, likaanza kushusha mifuko ya saruji.

"Padri anajenga nini tena?" Klara akamwuliza Yunisi, jirani yake, mwanamke aliyesikia kila jambo nusu siku kabla ya wenzake.

"Padri gani! Mzigo wa Luciana huo."

"Luciana yupi?"

"Kwani unawajua Luciana wangapi? Luciana wa Dodoma. Anajenga kwenye kiwanja cha marehemu baba yake. Ghorofa."

Klara akacheka hadi akashika ubavu. "Nyumba juu ya nyumba? Na huko juu atalala nani, kunguru?"

"Wapangaji. Vyumba vinne chini, vinne juu. Na fundi mkuu..." Yunisi akanywa chai kwanza, taratibu, kama mtu aliyeshika tonge la nyama asiyetaka liishe upesi. "Fundi mkuu ni mumeo."

Kicheko cha Klara kikakatika palepale.

Klara na Luciana walibatizwa siku moja, kwenye beseni moja, ndani ya kanisa lilelile. Walipopata kipaimara walikuwa na shela moja wawili, wakapokezana. Kisha Luciana akaolewa na mfanyabiashara wa ngozi, akahamia Dodoma, akakaa huko miaka ishirini. Sasa amerudi mjane, hana mtoto, ana cherehani, ana viatu vya kamba, na ana sauti ya chini ambayo ilimlazimu mtu kuinama ili amsikie. Klara hakupenda kumwinamia mtu.

Jioni ile Damiani aliporudi, mikono ina chokaa hadi kwenye viwiko, mkewe alimwekea ugali na mlenda bila kusema neno. Damiani, mtu mpole asiyejua hali ya hewa ndani ya nyumba yake mwenyewe, akala kwa furaha.

"Mama Febronia, ungeziona zile ngazi nitakazozijenga! Zitapanda hivi, halafu zikate kona hivi."

"Mimi nilikuomba bati mwaka gani, Baba Febronia?"

"Bati?"

"Bati. La tembe hili. Linalovuja juu ya kitanda chako."

"Aa, bati. Mwakani."

"Mwakani," akasema Klara. "Mwakani amezeeka hapa kwangu. Lakini ngazi za watu zinakata kona!"

Ukuta ukaanza kupanda. Klara alihesabu mistari ya mawe kila asubuhi kama mtu anayehesabu siku za homa. Mstari wa nne ukaziba kizingiti cha kanisa. Mstari wa nane ukaziba vitasa. Siku mafundi walipoweka mihimili ya mninga ya ghorofa ya juu, mlango wote wa kanisa ukawa umekwenda. Kutoka kigodani pake Klara aliona ukuta, na juu ya ukuta, mwanamume wake mwenyewe akiwa na timazi mkononi, akimwonyesha Luciana jinsi nyumba ilivyosimama wima. Luciana aliitikia kwa kichwa. Damiani alicheka. Klara hakukumbuka lini Damiani alicheka mbele yake kwa ajili ya jambo ambalo si chakula.

Akajifunga khanga, akaenda kwa Padri.

"Baba, lile ghorofa litakifunika kivuli kitakatifu cha kanisa letu."

Padri, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyeishi Misheni miaka mingi kuliko wenyeji wengi, akavua miwani. "Mwanangu, nilimpa Luciana sharti moja, paa lake lisifike dirisha la kengele. Damiani amepima mbele yangu. Na kivuli cha nyumba hakiendi kanisani asubuhi. Kinakwenda kwako."

Na kweli, kilikwenda kwake. Nyumba ilipoezekwa, Jumapili ya kwanza watu waliingia uani kwa Klara wakakuta kivuli kipana, baridi, kimetandazwa hadi jikoni. Wazee wakasogeza vigoda ndani yake wakishukuru.

"Luciana ametufanyia jambo," akasema mzee Kefa, mmoja wa wale wenye makovu mabegani. "Miaka yote tumekaa hapa tukichomwa na jua kama karanga."

"Kunywa chai, mzee," akasema Klara. "Chai ni yangu."

Lakini hata chai ilianza kupata mshindani. Nyumba ya Luciana ilikuwa na baraza upande wa kanisa, na watu wakitoka misani walifika kwenye baraza kwanza. Walisimama kidogo kushangaa. Waligusa kuta, wakauliza habari za ngazi. Walipofika kwa Klara walikuwa wamekwisha kusema nusu ya waliyokuwa nayo, wakamletea makombo. Mara ya kwanza katika maisha yake, Klara alisikia habari ya posa siku tatu baada ya posa.

Siku moja alimkuta Luciana kisimani, akashindwa kujizuia.

"Dada yangu, Tanganyika nzima hii, kiwanja ulichokiona ni kile tu?"

"Ni cha baba," Luciana akajibu kwa ile sauti yake. "Na Dodoma hakuna aliyekuwa akiniita kwa jina langu la ubatizo."

Klara akabeba mtungi wake. Njia nzima alikuwa akisema peke yake: "Dodoma! Hata akienda kuteka maji, Dodoma!"

Wapangaji wakaingia mwezi wa mavuno. Mzee Kefa, ambaye tembe lake lilikuwa limebomoka upande mmoja, alipata chumba cha chini cha kona kwa malipo ya debe la mtama. Watu wengine wa vijiji vya jirani, waliotaka kukaa karibu na shule na zahanati, wakachukua vingine. Na juu kabisa, chumba kilichokuwa sawasawa juu ya mzee Kefa, akaingia Stefano seremala na mkewe Martha. Martha alikuwa binti wa mzee Kefa.

Klara ndiye aliyeliona. Wengine waliona nyumba imejaa. Yeye, aliyejua kila mtu kazaliwa na nani na kaoa kwa nani kuanzia Misheni hadi Mkiwa, aliona Stefano akitembea kwa viatu juu ya kichwa cha baba mkwe wake.

Sasa, desturi ilikuwepo. Kwenye matembe, mke hakupanda paani kuanika mtama baba mkwe akiwa ndani. Alisubiri mzee atoke, au alimtuma mtoto. Kila mtu alilijua hilo. Lakini tembe halina watu wa juu. Hakuna mzazi aliyewahi kuulizwa habari ya kulala juu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulala juu. Jambo lilikuwa jipya, halina mwenyewe, limelala njiani. Klara akaliokota.

Jumapili, ua ukiwa nusu, akamwaga chai polepole, akasema kama mtu anayewaza kwa sauti:

"Mimi sijui. Labda siku hizi mambo yamebadilika. Zamani mkwe alikuwa mkwe."

"Una maana gani?" akauliza Yunisi, masikio yamesimama.

"Sina maana. Nasema tu. Mtu analala na mkewe, na chini ya kitanda chao kuna baba mkwe. Ubao mmoja tu katikati. Miguu ya Stefano iko wapi? Na kichwa cha mzee Kefa kiko wapi?"

Mtu mmoja akaweka kikombe chini.

"Lo," akasema Yunisi.

"Mababu wangelikuta jambo hilo wangesema ni laana," Klara akaongeza, na hapo ndipo alipovuka, maana mababu hawakuwahi kusema lolote juu ya mbao za mninga. "Mama yangu mzazi aliniambia. Nyumba ya namna hiyo, atakayeanza kuugua ni wa chini."

Mama yake mzazi alikufa hajaona ghorofa hata kwenye picha. Lakini neno lilikwisha kutoka, na maneno ya Klara yalikuwa na miguu yao wenyewe.

Kufikia Jumatano mzee Kefa alikohoa, kama alivyokohoa miaka kumi, ila safari hii kila mtu alisikia. Alhamisi Stefano alivua viatu akawa ananyata chumbani kwake. Ijumaa Martha alilia. Jumamosi mzee Kefa alifunga mkeka wake.

"Luciana, mwanangu," alisema, "chumba chako ni kikavu, kina dirisha, sijawahi kulala pazuri kama hapa. Lakini siwezi kumwaibisha mkwe wangu."

Akarudi kwenye tembe lake lililobomoka. Stefano naye akaona aibu kubaki, akahama. Na kwa kuwa Misheni nzima watu walioleana, mpangaji mmoja akakumbuka kwamba wa juu yake ni shemeji wa mkwewe, mwingine akakumbuka lake, na mvua za kwanza zilipoanza, ghorofa la Luciana lilisimama na madirisha yote yamefungwa, kimya kama shule wakati wa likizo.

Klara alilala usingizi mtamu. Nusu ya usingizi. Maana Damiani, akiwa amelala ubavuni pake huku tone la maji likidondoka kwenye sufuria, alikuwa akigeuka huku na huku.

"Baba Febronia, lala."

"Zile mbao," akasema Damiani. "Mbao nzuri vile, halafu hakuna anayezikanyaga."

Hata kitandani! Hata humo lile ghorofa liliingia likalala katikati yao.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Mzee Kefa alikohoa kwenye unyevu, na mara mbili Klara alimpelekea uji na kumkuta ameketi pembe moja ya nyumba yake kwa kuwa pembe tatu zilivuja. Alimwachia uji mlangoni akaondoka haraka. Kuna mambo mtu hapendi kuyatazama akiwa ameyapika mwenyewe.

Kisha mvua zikaisha, na serikali ikaleta kazi ya kuchanja ng'ombe dhidi ya sotoka. Kazi ilikuja na makarani. Walikuwa vijana wanane wenye kaptura zilizopigwa pasi, wametoka Bukoba, Moshi, Songea, kote kule, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mkwe Misheni. Mwingine awe juu, mwingine awe chini, wao walicheka tu. Walichukua vyumba vyote vinane kwa siku moja.

Sasa ndipo Klara alipoiona kazi ya mikono yake. Angewaacha wazee wale wenye madebe ya mtama, nyumba ingekuwa ya wazee wakohoao. Yeye ndiye aliyewaondoa akasafisha njia, na mshahara wa serikali ukaingia. Makarani walikuwa na gramafoni. Walikuwa na baiskeli tatu. Walikuwa na habari za Bukoba na Dar es Salaam, habari ambazo hakuna Jumapili ya Klara ambayo ingeweza kuzitoa. Watu wakitoka misani walifika kwenye baraza la Luciana wakakaa. Walikaa hadi saa sita. Uani kwa Klara alikuja Yunisi peke yake, tena akiwa na haraka.

"Chai yako leo ina tangawizi kidogo," akasema Yunisi.

"Tangawizi ni ileile. Ni ulimi wako uliokunywa kahawa ya Wahaya."

"Mama Febronia, njoo nawe basi! Luciana anakuuliza kila wiki."

"Aniulize kwa kuwa nimepotea? Mimi nipo. Nyumba yake ndiyo iliyokaa mbele yangu."

Klara hakwenda. Ila alimtuma Febronia, binti yake wa miaka kumi na tisa, kwenda kuazima chujio, kisha kurudisha chujio, kisha kuazima tena, ili ajue nani anakaa wapi na anacheka nini. Febronia alitumwa mara nyingi sana. Mwisho akawa anakwenda bila kutumwa, na chujio likabaki nyumbani.

Mwezi wa nane karani mmoja, Leonidas wa Bukoba, aliyekaa juu, kile chumba cha pembeni kilichokata nyumba kutoka upande wa kanisa hadi upande wa ua wa Klara, alileta wazee wawili na barua ya posa.

Klara alisoma ile barua, au tuseme alisomewa, akasahau kuwa na wivu kwa muda wa siku nne nzima. Mkwe karani! Mkwe mwenye baiskeli! Alijiona amekaa, ua umejaa, kila mtu akija kumpa mkono mama wa bibi harusi, na baraza la Luciana likiwa tupu. Hilo ndilo alilolitaka. Jumapili moja tu ua ujae kama zamani, na Luciana aone kwa macho yake.

Matangazo ya ndoa yalisomwa kanisani, Jumapili ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Ya tatu ndiyo ya sherehe. Klara alikaanga maandazi tangu alfajiri, akachemsha viazi vitamu na karanga, akatengeneza togwa mitungi miwili, akafunga khanga mpya. Na misa ilipoisha watu walipita kwenye baraza bila kukaa, wakazunguka nyumba, wakaingia uani kwake mmoja mmoja, kumi kumi, hadi vinu vikapinduliwa. Mzee Kefa alikuwepo, amejifunga blanketi. Stefano na Martha walikuwepo. Luciana naye alikuja, akakaa mwishoni kabisa karibu na uzio, na viatu vyake vya kamba. Klara alimpa kikombe chenye ufa. Halafu akarudi kigodani pake, mkono kwenye birika, akavuta pumzi, akajisikia amenenepa.

Kivuli cha ghorofa kilikuwa kimewafunika wote. Na juu, dirisha likafunguka.

Leonidas alikuwa ametoka misani akapanda kubadili shati. Kijana mwenye adabu za kwao, alipoona ua umejaa akainamisha kichwa dirishani, akasema kwa sauti nzuri: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" akaitika Klara, kwa fahari, ili hadi uzioni wasikie.

Yunisi ndiye aliyeanza. Alimtazama Leonidas juu, akamtazama Klara chini, akaweka andazi kwenye sahani.

"Mama Febronia. Mkweo yuko juu yako."

"Anh?"

"Miguu yake iko wapi? Na kichwa chako kiko wapi?"

Kicheko kilianzia pembeni, kikazuiliwa, kikatoka puani mwa mtu. Martha, mke wa Stefano, hakucheka.

"Si ndivyo ulivyotufundisha, mama?" akasema Martha. "Sisi tulihama. Baba alihama mvua ikinyesha."

"Lakini yeye yuko ndani ya nyumba, na mimi niko uani," akasema Klara.

"Kivuli cha nyumba ni nyumba," akasema mzee mmoja aliyependa hukumu. "Na dirisha limefunguliwa. Anakuona utosi."

"Mama mkwe ajifiche!" mwingine akapiga kelele kwa mzaha. "Mfunikeni kwa ungo!"

Sasa kila mtu alikuwa akicheka, hata walioona haya. Klara akasimama. Alikuwa na njia moja ya heshima na aliifuata. Alijitanda khanga kichwani, akachukua kigoda chake, akaingia ndani ya tembe, akakaa gizani karibu na sufuria ya kukingia matone.

Nje vigoda vilisogezwa. Kisha sauti zikarudi. Kisha kicheko. Alisikia Yunisi akisimulia jambo ambalo yeye Klara hakuwa amelisikia. Alisikia vikombe. Na alisikia, kwa uwazi kabisa, sauti ile ya chini ikisema, "Ngoja, nitamimina mimi," na mlio anaoujua kuliko sauti ya watoto wake, mlio wa mkono wa birika lake likiinuliwa.

Luciana amekaa mahali pake. Anamimina chai yake. Ua umejaa, na Luciana ndiye mwenye ua.

Klara alitoka kama mtu aliyeumwa na siafu.

"Weka birika langu chini!"

Luciana akaliweka. Watu wote wakageuka. Leonidas bado alikuwa dirishani, hajui aondoke au abaki. Klara akatazama juu, akatazama watu, na akajua kwamba mlango ni mmoja tu na ni mwembamba.

"Nilitunga," akasema.

"Ulitunga nini?" akauliza Yunisi.

"Ile habari ya miguu. Mama yangu hakusema. Mababu hawakusema. Ya paa la tembe ni kweli, mnaijua wote. Ya ghorofa niliitunga mimi, hapahapa, nikiwa nimeshika birika hili."

"Kwa nini?" Aliyeuliza alikuwa Damiani, amesimama na andazi mkononi, uso wake umekuwa kama wa mtoto.

Klara alitaka kusema jambo jingine, la busara. Lakini alikuwa akimtazama Luciana, na viatu vyake vya kamba, na ukuta nyuma yake uliosimama wima hadi mbinguni.

"Kwa sababu mmeuziba mlango wangu wa kanisa! Kwa sababu mimi nina sufuria kitandani, na yeye ana ngazi zinazokata kona! Kwa sababu hamji! Haya, nimesema. Wivu. Mnataka niuandike?"

Mzee Kefa akainuka polepole, akishikilia kigoda, akajikunyata ndani ya blanketi lake.

"Kwa hiyo," akasema, "mimi nimelala kwenye maji mvua nzima kwa neno la kutunga."

"Nisamehe, mzee wangu."

Mzee Kefa hakusema amesamehe, wala hakusema hapana. Akamgeukia Luciana. "Mwanangu, kuna chumba?"

"Chako," akasema Luciana. "Yule wa Songea amehamishiwa Mkalama juzi. Kiko wazi."

"Basi nakwenda kuchukua mkeka wangu."

"Mimi nitakubebea, baba," akasema Damiani, na kabla andazi halijaisha mdomoni alikuwa ameshatoka. Stefano akamfuata. Martha akamfuata mumewe. Na kwa kuwa hakuna kitu watu wa Misheni walichopenda kama kumsindikiza mtu anayehama, nusu ya ua ikainuka, kisha robo, kisha Yunisi, aliyechukua maandazi mawili ya njiani. Luciana ndiye aliyeondoka mwisho. Alisimama mbele ya Klara kana kwamba ana neno.

"Kikombe chenye ufa nimekiweka pale," akasema. "Usije ukampa mgeni."

Akaenda zake.

Klara akabaki na Febronia, wazee watatu viziwi, na mitungi miwili ya togwa. Akakaa kigodani. Mbele yake palikuwa na ukuta. Nyuma ya ukuta alisikia makelele, vicheko, mtu akiimba, na hakuona kitu. Moyo ulimwasha kama pilipili kwenye jeraha.

Akatazama juu. Leonidas alikuwa bado pale, ameshika dirisha kama mtu aliyeshikilia ndoo iliyojaa.

"Mwanangu," akasema Klara.

"Naam, mama."

"Hicho chumba chako kina dirisha upande wa pili, sivyo?"

"Ndiyo, mama. Linatazama kanisa."

"Mlango wa kanisa unaonekana? Na baraza?"

"Vyote, mama."

Klara alijimiminia chai, akakunjua miguu yake kivulini.

"Basi hebu nenda utazame. Taratibu, usikimbie. Halafu uje uniambie."

Viatu vya karani vikavuka juu ya mbao za Damiani, ko, ko, ko, kisha vikarudi.

"Mzee Kefa amefika barazani, mama. Mama Yunisi anawaambia watu jambo, wote wamemzunguka. Baba Damiani amebeba mkeka. Mama Luciana anamwonyesha ngazi."

"Ngazi alizojenga mwenyewe anaonyeshwa za nini?"

"Sijui, mama. Lakini baba anacheka."

Kikombe cha Klara kilisimama nusu njia.

"Anacheka nini?" akasema. "Rudi, Leonidas. Rudi ukatazame vizuri."